Gari la haibridi la familia: Akiba ya petroli na gharama zisizoonekana

Familia yenye watoto watano inapohamia Marekani, haupiti muda mrefu kabla ya kubaini kwamba gari dogo la viti vitano halitoshi. Shule iko mbali, duka liko mbali, kazi ya usiku iko upande mwingine wa mji, na sheria inataka kila mtoto mdogo awe na kiti chake cha usalama. Hapo ndipo minivani inapoanza kutajwa nyumbani: gari la safu tatu za viti, lenye milango ya kuteleza, linalobeba watu saba au wanane.

Kwa miaka mingi, mnunuzi wa gari la aina hiyo nchini Marekani alichagua kati ya magari ya petroli pekee. Hali ilibadilika pale kampuni ya Chrysler ilipotoa Pacifica Hybrid ya mwaka 2017, na kisha Toyota ilipoamua kwamba Sienna zote, kuanzia toleo la mwaka 2021, zitakuwa za haibridi, yaani zenye injini ya petroli na mota za umeme kwa pamoja. Magari hayo sasa yamejaa katika yadi za magari yaliyotumika, na wauzaji huyanadi kwa sentensi moja: yanakula petroli kidogo.

Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimalizi hesabu. Wanunuzi wengi huogopa betri kubwa ya gari, wakidhani kwamba ndiyo itakayowafilisi. Kwa sehemu kubwa ya magari haya, hasara hutoka kwingine: katika matengenezo madogo yaliyopuuzwa, katika wito wa kiwanda ambao mwenye gari wa kwanza hakuuitikia, na katika riba ya mkopo uliolinunulia gari hilo.

Injini moja, mota mbili

Ili kuelewa kinachoharibika, ni vyema kwanza kuelewa gari lenyewe linavyofanya kazi. Sienna ya haibridi ina injini ya petroli ya lita 2.5 yenye silinda nne, ikisaidiwa na mota mbili za umeme. Zile zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne huwa na mota ya tatu nyuma. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo ingepotea kama joto huingia katika betri. Gari linapoondoka tena kwenye taa za barabarani, umeme huo husaidia kulisukuma.

Betri ya Sienna ni ndogo na haichomekwi ukutani. Hujichaji yenyewe gari linapokwenda. Pacifica Hybrid ni tofauti. Ina injini kubwa zaidi ya lita 3.6 yenye silinda sita, na betri ya kilowati-saa 16 inayochajiwa kwa waya kutoka nyumbani. Ikijaa, gari laweza kwenda takriban maili 32 kwa umeme mtupu, na baada ya hapo hutumia petroli na umeme kama haibridi ya kawaida.

Mpangilio huu una faida ambayo haisemwi sana. Katika Sienna, kwa mfano, hakuna stata wala altaneta ya kawaida, na giaboksi yake haina klachi na mikanda inayochakaa kama katika magari mengine mengi. Kwa hiyo baadhi ya vipuri ambavyo fundi amezoea kuvibadilisha havimo kabisa. Lakini vimeongezwa vingine: inveta inayobadilisha umeme, mfumo wake wa kupozea, feni ya betri, na nyaya nene za rangi ya chungwa zinazopitisha umeme mkali wa kuweza kuua. Nyaya hizo hazipaswi kuguswa na fundi asiyepata mafunzo, hata kama ni hodari wa injini za kawaida.

Hofu ya betri

Swali la kwanza la kila mnunuzi ni hili: betri ikifa itakuwaje? Kwa Sienna, jibu lina unafuu. Tangu matoleo ya mwaka 2020, Toyota nchini Marekani hutoa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000 kwa betri ya haibridi, kutegemea kinachotangulia, na dhamana hiyo humfuata mmiliki mpya gari linapouzwa. Gari lililoanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2021 lina dhamana ya betri hadi mwanzoni mwa mwaka 2031, iwapo halijavuka maili hizo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu siku gari lilipouzwa au kuanza kutumika kwa mara ya kwanza, wala si tangu siku mmiliki wa pili aliponunua. Aidha, gari lililotumika kama teksi laweza kuimaliza dhamana katika miaka mitatu au minne tu, kwani maili 150,000 si nyingi kwa gari linalokwenda mchana na usiku.

Dhamana ikishaisha, betri ndogo ya aina hii hugharimu maelfu kadhaa ya dola pamoja na kazi ya fundi. Ni fedha nyingi, lakini haziko mbali na gharama ya kubadilisha giaboksi ya gari la petroli. Betri ya Pacifica Hybrid, kwa kuwa ni kubwa mara kadhaa, ni mzigo mzito zaidi, na nje ya dhamana bei yake yaweza kuvuka dola 10,000. Muda wa dhamana yake hutegemea mwaka wa gari na jimbo, kwani California na majimbo yanayofuata kanuni zake huyapa magari ya aina hii ulinzi mrefu zaidi. Hivyo kitabu cha dhamana cha gari husika ndicho cha kusomwa, wala si maneno ya muuzaji.

Mambo madogo yanayogeuka makubwa

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na haibridi iliyotumika ni mfano mzuri wa methali hiyo. Tuchukue upoozaji wa betri. Betri ya Sienna hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia matundu yaliyo upande wa chini wa viti vya mbele. Katika gari la familia, hapo ndipo hukusanyika makombo ya biskuti, manyoya ya mazulia, mifuko ya plastiki na maji ya matunda yaliyomwagika. Matundu yakiziba, feni hufanya kazi bure, betri hupata joto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri ya aina yoyote. Kusafisha chujio la hewa hiyo ni kazi ya dakika chache na gharama ndogo. Kutolisafisha kwa miaka kadhaa kunaweza kufupisha maisha ya kifaa cha maelfu ya dola.

Jambo la pili ni betri ndogo ya volti 12, ile inayofanana na betri ya gari lolote. Katika haibridi betri hii haizungushi injini, lakini ndiyo inayoamsha kompyuta zote za gari. Ikiisha, gari zima hukaa kimya, hata kama betri kubwa imejaa. Wamiliki wengi wa minivani hizi hukumbana na tatizo hilo gari likiegeshwa wiki mbili au tatu, au watoto wanapocheza ndani milango ikiwa wazi na taa zikiwaka. Wengine hupelekwa gereji wakiamini kwamba betri kubwa imekufa, kumbe ni ile ndogo inayoweza kubadilishwa kwa dola mia mbili au tatu. Fundi asiye mwaminifu aweza kuitumia hofu hiyo kujipatia fedha nyingi.

Jambo la tatu ni breki. Kwa kuwa mota ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, pedi za breki hudumu muda mrefu kuliko za gari la petroli. Hata hivyo, kifaa kisichotumika sana hushika kutu. Katika majimbo ya kaskazini, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, diski huliwa na kutu na pini za breki hukwama zingali pedi nene. Dawa yake ni kufungua, kusafisha na kupaka grisi kila mwaka. Wenye gari wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wameambiwa kwamba breki za haibridi haziishi.

Chumvi hiyo hiyo hushambulia viungo vya nyaya vilivyo chini ya gari. Sienna ya magurudumu manne ina waya wa umeme mkali unaokwenda hadi mota ya nyuma. Gari lililoishi miaka mitano Minnesota au Michigan linahitaji kutazamwa chini kwa makini kuliko lililoishi Texas au Arizona. Lile la Arizona nalo lina shaka yake, kwani betri yake imevumilia joto la jangwa.

Pacifica na wito wa kiwanda

Kwa mnunuzi wa Pacifica Hybrid, jambo la kwanza ni usalama, kabla hata ya gharama. Mwezi Februari mwaka 2022, kiwanda kilitoa wito wa kurejeshwa kwa magari ya mwaka 2017 na 2018 baada ya 12 kati yake kushika moto. Moto huo ulitokea magari yakiwa yameegeshwa na kuzimwa, na mengi kati yake yalikuwa yamechomekwa kwenye umeme. Wenye magari walishauriwa wasiyachaji, na wayaegeshe nje, mbali na nyumba na magari mengine, hadi yatakapotengenezwa.

Mwezi Julai mwaka 2024 wito mwingine ulitolewa, safari hii ukihusu zaidi ya magari 24,000 ya matoleo ya 2017 hadi 2021, yakiwemo baadhi yaliyokuwa yamekwisha kushughulikiwa katika wito wa awali. Kasoro ilihusishwa na seli ndani ya betri. Mawakala walitakiwa kuweka programu mpya inayochunguza betri, na kuibadilisha pale inapoonekana kuwa na kasoro.

Kati ya nyito hizo mbili, mwezi Januari mwaka 2023, takriban Pacifica Hybrid 67,000 za matoleo ya 2017 hadi 2023 ziliitwa kwa sababu nyingine: hitilafu ya umeme ndani ya giaboksi iliyoweza kuizima injini gari likiwa katika mwendo.

Hilo halina maana kwamba kila Pacifica ni gari baya. Wapo wanaozitumia kwa miaka bila ya tatizo, na gari lililopata betri mpya kutokana na wito laweza kuwa ununuzi mzuri. Lakini tofauti kati ya gari lililotengenezwa na lile ambalo halijatengenezwa haionekani kwa macho. Yote mawili hung'aa sawa yadini, na bei hukaribiana.

Tarakimu na herufi 17

Njia ya kuitambua tofauti hiyo ni namba ya chasisi. Kila gari linalouzwa Marekani lina namba ya tarakimu na herufi 17, inayosomeka kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Mamlaka ya taifa ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inamruhusu mtu yeyote kuiingiza namba hiyo katika tovuti yake, bila malipo, na kuona iwapo gari lina wito ambao haujatekelezwa. Matengenezo ya wito hufanywa bure na wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari, hata kama mmiliki ni wa pili au wa tatu.

Wengi hushangaa kusikia kwamba sheria ya serikali kuu ya Marekani haimlazimishi muuzaji wa gari lililotumika kutekeleza wito kabla ya kuliuza. Kampuni kubwa za kukodisha magari zimebanwa na sheria hiyo tangu mwaka 2016, na magari mapya hayaruhusiwi kuuzwa yakiwa na wito. Gari lililotumika halimo. Mzigo wa kuuliza ni wa mnunuzi.

Aidha, tume ya biashara ya Marekani, FTC, inawataka wenye yadi kubandika kwenye kioo cha gari karatasi inayoeleza iwapo gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo. Katika majimbo mengi, gari likiuzwa kama lilivyo, tatizo litakalojitokeza kesho yake asubuhi ni la aliyelinunua. Karatasi hiyo huandikwa kwa Kiingereza au Kihispania, na ahadi ya mdomo haiifuti. Asiyeielewa vyema asitie saini kabla ya kusomewa na mtu anayemwamini.

Hesabu ya petroli

Je, akiba ya petroli ni kiasi gani hasa? Kwa vipimo vya shirika la mazingira la Marekani, EPA, Sienna ya haibridi isiyo ya magurudumu manne huenda maili 36 kwa galoni moja. Sienna ya petroli ya mwaka 2020 huenda maili 22. Ikiwa familia husafiri maili 15,000 kwa mwaka, gari la petroli litatumia takriban galoni 682, na la haibridi galoni 417. Tofauti ni galoni 265. Galoni ikiuzwa dola 3.50, familia huokoa takriban dola 930 kwa mwaka.

Sasa tuseme gari la haibridi linauzwa dola 6,000 zaidi ya lile la petroli lenye hali inayokaribiana. Kwa akiba hiyo, itachukua miaka sita na nusu kuirudisha tofauti ya bei. Dereva anayekwenda maili 25,000 kwa mwaka, kwa mfano anayesafirisha abiria au kupeleka mizigo, huirudisha katika muda usiofika miaka minne. Lakini mama anayelitumia gari kwa shule, duka na msikiti au kanisa tu, maili 8,000 kwa mwaka, atasubiri miaka 12, na pengine gari lenyewe halitafika huko mikononi mwake.

Kwa Pacifica Hybrid hesabu ina sharti moja zaidi, nalo ni mahali pa kuchaji. Mwenye nyumba yenye gereji, ambaye safari zake za siku hazizidi maili 30, aweza kupita wiki nzima bila ya kununua petroli, akilipia umeme ambao katika majimbo mengi huwa nafuu kwa maili kuliko petroli. Plagi ya kawaida ya nyumbani huchukua takriban saa 14 kuijaza betri, na plagi ya volti 240 huchukua takriban saa mbili.

Familia nyingi za wahamiaji, hata hivyo, huishi katika majengo ya ghorofa yasiyo na plagi kwenye maegesho. Kwao, Pacifica Hybrid hubaki kuwa gari la maili 30 kwa galoni lenye betri kubwa na nzito isiyojazwa. Bado ni bora kuliko maili 22, lakini sababu kuu ya kununua gari la kuchaji imepotea. Wengine huambiwa kwamba serikali itawarudishia dola 4,000 za kodi kwa kununua gari la aina hiyo lililotumika. Nafuu hiyo ilikuwepo, lakini ilikoma kwa magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba mwaka 2025.

Riba inayomeza akiba

Gharama ambayo haitajwi kabisa katika mazungumzo ya haibridi ni mkopo. Mtu aliyefika Marekani karibuni hana historia ya mikopo, na asiye na historia hutozwa riba kubwa. Tuchukue gari la dola 22,000 linalolipwa kwa miezi 60. Riba ikiwa asilimia 9 kwa mwaka, mnunuzi atalipa takriban dola 457 kwa mwezi, na jumla ya riba itakuwa takriban dola 5,400. Riba ikiwa asilimia 18, malipo yatapanda hadi dola 559 kwa mwezi, na riba yote itakuwa takriban dola 11,500.

Tofauti kati ya mikopo hiyo miwili ni zaidi ya dola 6,000. Kwa familia ya maili 15,000 kwa mwaka, hiyo ni akiba ya petroli ya zaidi ya miaka sita. Kwa maneno mengine, familia iliyofurahia kupunguza gharama ya tangi imeilipa fedha hiyo yote, na zaidi, kwa aliyekopesha. Mara nyingi ni heri kununua gari la petroli la bei ndogo, kulilipa kwa wakati, kujenga historia nzuri ya mikopo, kisha kurudi sokoni baada ya miaka miwili. Kwa anayeweza, njia nyingine ni kuuliza kwanza katika chama cha akiba na mikopo au benki, kabla ya kukubali mkopo unaopangwa na yadi yenyewe.

Bima nayo iulizwe kabla ya kununua. Matengenezo ya gari lenye vifaa vya umeme mkali baada ya ajali huwa ghali, na kampuni za bima hulijua hilo. Matairi ya minivani nzito huisha upesi kuliko ya gari dogo. Kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiita masega, huwavutia wezi kutokana na madini ya thamani yaliyomo.

Kabla ya kutoa fedha

Mafundi wenye uzoefu wa haibridi hushauri gari likaguliwe likiwa baridi, kabla muuzaji hajaliwasha, ili mlio wa injini ya asubuhi usikike. Kisha liendeshwe si chini ya nusu saa, mjini na kwenye barabara kuu. Injini inapaswa kuwaka na kuzima bila ya mtikisiko mkubwa. Kipimo cha betri kikipanda na kushuka haraka kupita kiasi, ni dalili ya betri iliyochoka. Feni inayovuma kwa nguvu kutoka chini ya viti, hali ya hewa ikiwa si ya joto, nayo ni dalili ya matundu yaliyoziba.

Ukaguzi wa kompyuta ni wa lazima. Kifaa cha bei nafuu cha kusoma hitilafu za injini hakitoshi, kwani hakioni ndani ya mfumo wa haibridi. Inahitajika mashine inayoonyesha hali ya kila sehemu ya betri. Karakana za wakala na mafundi wa kujitegemea wanaoshughulikia haibridi wanazo, na gharama ya ukaguzi huo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gari. Muuzaji anayekataa gari lake lisikaguliwe na fundi wa mnunuzi amekwishajibu swali ambalo halijaulizwa.

Maji ya kupozea nayo yakaguliwe. Inveta ina maji yake, tofauti na yale ya injini, na yakipungua au yakichakaa bila kubadilishwa, kifaa hicho cha gharama kubwa huungua. Mwisho, hati ya umiliki isomwe. Gari lililowahi kufutwa na kampuni ya bima kwa sababu ya ajali au mafuriko huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini maji ya mafuriko yakishaingia katika viungo vya umeme mkali, kutu huendelea kimya kimya kwa miezi mingi.

Uingereza, na safari ya kurudi nyumbani

Nchini Uingereza sura ya soko ni tofauti. Minivani ya haibridi inayofahamika zaidi katika magari yaliyotumika kutoka Japani ni Toyota Estima Hybrid, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Juni mwaka 2001, pamoja na Alphard Hybrid. Utengenezaji wa Estima ulikoma Oktoba mwaka 2019, kwa hiyo kila inayouzwa leo imekwisha kukaa barabarani miaka kadhaa. Mbali na betri, sehemu ya kuangaliwa zaidi ni pampu na mitambo ya breki. Dalili zake ni pampu inayolia mara kwa mara gari likiwa limesimama, pamoja na taa za onyo za breki. Tatizo hilo ni la usalama, na matengenezo yake ni ghali.

Mnunuzi wa Uingereza aweza kutazama bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari kwa kutumia namba yake ya usajili. Lakini historia hiyo huanza gari lilipoingia Uingereza. Kilomita za Japani hupatikana katika cheti cha kusafirishia gari kutoka nchini humo, na cheti hicho ndicho kinachopaswa kudaiwa.

Wapo pia wanaonunua gari ughaibuni wakitumaini kulipeleka nyumbani baadaye. Sienna na Pacifica zina usukani upande wa kushoto, na Kenya hairuhusu magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, wala hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Tanzania nayo hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi umri huo. Mwenye mpango wa kurudi Kongo, Rwanda au Burundi, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, hana tatizo la usukani, lakini atahitaji kujua kama huko aendako kuna fundi na vipuri vya haibridi. Kwa Toyota, uwezekano huo ni mkubwa zaidi kuliko kwa Pacifica.

Kwa jumla, minivani ya haibridi iliyotumika yaweza kumtumikia mwenye familia kubwa kwa miaka mingi, hasa anayesafiri sana, anayelipa taslimu au kwa riba nafuu, na aliye karibu na fundi anayeijua kazi yake. Kwa asiye na hayo, gari la petroli lililotunzwa vizuri halipaswi kudharauliwa. Anayekwenda yadini afike na namba ya chasisi iliyokwishaangaliwa, jina la fundi atakayelikagua gari, na hesabu ya maili anazosafiri kwa mwaka. Bei iliyoandikwa kwenye kioo izungumzwe baada ya hayo matatu.